NDOA KATIKA UGONJWA: MUME KANDO YA MKE AANZAYE MATIBABU YA KANSERE

Wakatekumeni wanaojitayarisha kwa ndoa hufundishwa ahadi watakayoitoa mbele ya Padri na mashahidi: kuwa waaminifu wao kwa wao katika afya na katika ugonjwa pia. Wengi huyashika maneno hayo upesi. Neno "ugonjwa" hupita kinywani kama maji, kwa maana bwana arusi anafikiri homa ya siku tatu. Somo hili lasimama juu ya neno hilo moja, na juu ya ugonjwa mmoja, ule uitwao kansere, ambao wengine huuita saratani. Tena lazitazama hasa siku zile matibabu yanapoanza, maana ndizo siku ambazo nyumba nyingi hutikisika.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya Likasi, katika mtaa wa Kikula. Mume ni fundi wa kuchomelea vyuma; mke huuza unga wa mahindi sokoni. Wana watoto watano. Mke alikuwa amekwisha koma kupata siku zake, na tazama, damu ikarudi. Akanyamaza miezi mitatu kwa haya. Akanywa dawa ya mizizi aliyopewa na jirani. Mwishowe akaenda hospitalini, akakatwa kipande kidogo cha nyama, nacho kikapelekwa Lubumbashi kutazamwa kwa hadubini. Majibu yakarudi: kansere ya mlango wa tumbo la uzazi. Mganga akamwita mume peke yake nje ya chumba, akamwambia. Mume akasimama karibu na ukuta, kofia mkononi. Ndani, mke alikuwa akivaa viatu vyake.

Kabla ya mambo ya fedha na ya dawa, liko swali la kwanza: je, amfiche mkewe?

Desturi ya kumficha mgonjwa ilitoka katika huruma, wala haifai kuidharau. Lakini katika ugonjwa huu haifai. Mtu hawezi kulazwa chini ya mashine kubwa siku baada ya siku bila kujua sababu. Ataisoma katika nyuso za watu, ataisikia kwa wagonjwa wenzake kwenye benchi, naye atajua kwamba mumewe alimdanganya. Tena mwili ni wake. Ni yeye atakayeulizwa kama anakubali. Basi mume huyu alifanya vema. Alirudi ndani pamoja na mganga, wakaketi watatu, akamwomba mganga aseme maneno yaleyale tena, polepole, kwa Kiswahili. Mke alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Nitapona?" Mganga akajibu kwamba ugonjwa haujaenda mbali, na kwamba wanawake wengi walioletwa wakati kama huo wamepona, lakini hakuapa. Mume naye asiape. Asiseme, "Hakuna neno, utapona tu." Neno hilo humfunga mgonjwa kinywa, asiweze tena kusema hofu yake. Yatosha aseme, "Mama watoto, tutakwenda pamoja."

Jioni ileile jamaa walifika, kama ilivyo desturi, wakaketi uani. Wakasema mambo matatu.

La kwanza: nani amemloga? Hapo yafaa kujua kansere ni nini. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Kila chembe huzaa nyingine kwa kipimo, ikichakaa hufa, na mpya hushika mahali pake. Inatokea chembe moja inaharibika na kuacha kutii kipimo hicho. Huzaa isipotakiwa, nayo haifi. Wana wake hufanya uvimbe au kidonda, na baadaye baadhi yao huchukuliwa na damu au maji ya mwili mpaka mapafuni, maini au mifupani. Ndiyo maana kuchelewa ni hatari. Miezi ile ambayo jamaa huitumia kumtafuta mlozi ndiyo miezi ambayo ugonjwa huutumia kutembea.

La pili lilisemwa na shemeji mmoja kwa sauti ndogo: ugonjwa wa mahali pale ni ugonjwa wa mwanamke mzinzi. Ni neno baya sana, tena limevunja ndoa nyingi. Ukweli ni huu. Kansere ya mlango wa tumbo la uzazi karibu siku zote hutokana na virusi viitwavyo papiloma. Mtaalamu Mjerumani, Harald zur Hausen, alivionyesha katika miaka ya 1980, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo hupita kati ya mume na mke, nao walio wengi duniani wamepata kuwa navyo wakati fulani bila kujua. Kwa kawaida huondoka vyenyewe bila dalili. Kwa wachache hubaki. Tangu viingie mpaka kansere itokee, hupita kwa kawaida miaka 15 au 20, ingawa kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa muda huo ni mfupi zaidi. Basi ni nani awezaye kuhesabu nyuma miaka 20 na kusema vilitoka wapi? Huenda mume mwenyewe alivileta kutoka ujana wake, wala hakuumwa siku hata moja. Kwa hiyo mume asimame mbele ya jamaa yake na kulikata neno hilo siku ileile ya kwanza. Likilala nyumbani usiku mmoja, halitatoka tena. (Na kwa ajili ya binti zao, wazazi wajue kwamba iko chanjo ya virusi hivyo, nayo Shirika la Afya Duniani lashauri wapewe wasichana wa miaka 9 hata 14.)

La tatu lilikuwa shauri: mke arudishwe kwa wazazi wake, auguzwe huko. Pengine shauri hilo huja na sura ya upendo, eti mama yake ndiye ajuaye kumtunza. Mama na aje, akaribishwe sana. Lakini mke asipelekwe. Mahari haikutolewa kwa ajili ya mikono na miguu yenye afya tu.

Sasa juu ya mionzi. Mganga alisema kwamba mke atatibiwa kwa mionzi, na watu wa Likasi wana sababu yao wenyewe ya kuliogopa neno hilo. Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka mjini. Mawe yake yenye urani yaligunduliwa mwaka 1915, na urani wa mgodi huo ukatumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Hayo kila mtu ameyasikia. Mwaka 2004 serikali iliufunga mgodi na wachimbaji wakaondolewa.

Lakini wachache wanajua kwamba mwanzoni mawe yale hayakuchimbwa kwa ajili ya bomu. Mwaka 1898, katika mji wa Paris, Marie Curie na mumewe Pierre, wakifanya kazi pamoja katika banda duni, waligundua radiumu, kitu adimu sana kilichomo ndani ya mawe ya urani. Waganga wakaona kwamba mionzi ya radiumu huunguza uvimbe. Basi tangu mwaka 1922 mawe ya Shinkolobwe yakawa yakisafishwa huko Olen, Ubelgiji, ili kutoa radiumu. Na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiumu ya dunia nzima ilitoka katika ardhi hiyo, wakati Likasi yenyewe ilipoitwa Jadotville. Radiumu ilitiwa katika sindano na mirija midogo, ikawekwa karibu na kidonda cha kansere. Mojawapo ya magonjwa ya kwanza kutibiwa hivyo ni huu wa mama wa Kikula. Hivyo wanawake wa nchi za mbali walitibiwa kwa jiwe lililotoka karibu na nyumba yake.

Kitu hicho ni kikali. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, nao wataalamu wanauhesabu kuwa matokeo ya mionzi aliyoishi nayo bila kinga. Kwa hiyo mtu asidanganyike kuweka jiwe la mgodini juu ya uvimbe, litamdhuru bure. Siku hizi radiumu imeachwa. Mashine nyingi zilitumia kobalti, ndugu ya ile isafishwayo Shituru, lakini iliyogeuzwa ndani ya kinu cha atomi. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine za namna hiyo nchini Kanada mwaka 1951. Mashine nyingine hufanya mionzi kwa nguvu ya umeme. Zote hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Mionzi huharibu chembe mbaya na nzuri pia, ila nzuri hujitengeneza upesi kuliko mbaya. Ndiyo sababu hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma matano hivi, wala si yote siku moja.

Mume akiwa na maswali, na aulize. Haya huulizwa mara nyingi.

Swali: Je, mke aliyepigwa mionzi ya mashine huleta mionzi nyumbani?
Jibu: Hapana. Mashine ikifungwa, mionzi imekwisha, kama nuru inavyokwisha taa ikizimwa. Mtoto aweza kulala kifuani pake usiku uleule.

Swali: Na kile chombo kinachoingizwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe?
Jibu: Kitu chenye mionzi huondolewa chote kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda. Hakuna kinachobaki.

Swali: Je, kansere huambukiza kwa sahani moja, kitanda kimoja, au jasho?
Jibu: Hapana. Asitengewe kikombe chake. Kumtengea kikombe ni kumwambia kwamba amekwisha kufa.

Swali: Na dawa zinazotiwa mshipani?
Jibu: Hapo yataka uangalifu. Kwa siku mbili hivi baada ya kuchomwa dawa, mkojo na matapishi hubeba sehemu ya dawa. Anayevisafisha avae glavu za mpira na kunawa sana. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Ikiisha siku hizo, mambo hurudi kama kawaida.

Kazi ya mume huanza kabla ya safari. Wagonjwa wa Katanga wenye kuhitaji mionzi wamekuwa wakivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, Zambia, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa rasmi mwaka 2007. Wengine hutibiwa Dar es Salaam, katika taasisi ya Ocean Road. Mahali popote watakapotumwa, waulize kwanza kwa simu kama mashine inafanya kazi na siku gani watapokelewa. Si swali la aibu. Huko Uganda mashine pekee ya mionzi, iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Wagonjwa waliofunga safari bila habari walikuta mlango tu. Tena wachukue majibu yote: karatasi ya Lubumbashi, picha, vipimo vya damu. Mume huyu wa Kikula alizitia katika mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya nguo zake mwenyewe. Alinunua daftari pia. Upande mmoja aliandika maneno ya waganga na siku walizopangiwa, upande wa pili fedha.

Mke aliyepoteza damu nyingi huwa dhaifu, na pengine huongezewa damu kabla ya kuanza, kwa maana mionzi haifanyi kazi vema kwa mwili uliopungukiwa damu. Ndugu huombwa kuitoa. Shemeji aliyenena vibaya uani ndiye aliyetoa wa kwanza. Jambo hilo linapasa kusemwa pia.

Mara nyingi pamoja na mionzi mgonjwa hupewa mara moja kwa juma dawa ya mshipani iliyo na madini ya platini ndani yake. Dawa hiyo huchokoza figo, nayo hutapisha. Kwa hiyo hupimwa damu kwanza, hutiwa maji mengi mshipani, na nyumbani hutakiwa anywe sana. Mume asimlazimishe sahani kubwa ya bukari kama mtu atokaye shambani. Ampe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wenye karanga, yai, samaki, ndizi. Chakula kisichokuwa moto sana hakitoi harufu, basi hakichafui moyo upesi. Mionzi ya tumbo nayo huleta kuhara, kwa kawaida katika juma la pili au la tatu. Sombe na mboga nyingine za majani zipungue kwa muda, na waganga waambiwe. Zile dawa za kuzuia kutapika zimezwe kwa saa yake, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, maana kuzuia ni rahisi kuliko kukomesha.

Lakini liko jambo moja ambalo mume alishike kuliko yote. Dawa za kansere hupunguza askari wa damu. Katika siku hizo homa ndogo yaweza kuua. Basi awe na kipimajoto. Kikifika digrii 38, waende hospitalini saa ileile, usiku au mchana. Asimpe kwanza kidonge cha homa na kungoja kuone asubuhi. Na mizizi ya jirani? Isitumiwe kwa siri. Baadhi yake huumiza figo na maini, nazo tayari zimebeba mzigo. Mwambie mganga, akikasirika, atakasirika mara moja tu.

Kuna neno la faragha, nalo wengi huliogopa, hata wanafundisha ndoa bila kuligusa. Katika majuma ya mionzi, na kwa muda baadaye, mwili wa mke una jeraha ndani. Mume apaswa kujizuia mpaka waganga waruhusu, tena bila kununa na bila kwenda kwingine. Na kujizuia si kumkimbia. Wanawake wengi husema kwamba jambo lililowaumiza kuliko mashine ni mume aliyehamia mkeka wa pili bila neno. Alale kando yake, amshike mkono. Baada ya matibabu waganga wataeleza namna ya kurudia maisha ya ndoa, kwa maana mahali pale hukauka na kukaza. Mume aulize mwenyewe, asimwachie mke aibu hiyo.

Wala mtu asifikiri kwamba nyumba yenye upendo haitagombana. Maandiko Matakatifu hayakuficha jambo hilo. Katika Kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti alipofuka macho, na waganga hawakumfaa. Mkewe Ana akafanya kazi ya kufuma kwa ujira ili wapate chakula. Siku moja matajiri wake wakampa mwana-mbuzi juu ya mshahara. Tobiti alipomsikia mbuzi akilia nyumbani, akamshuku mkewe kwamba amemwiba, akataka arudishwe. Na Ana, aliyechoka, akamjibu kwa maneno makali. Watu wote wawili walikuwa wema. Ugonjwa na umaskini viliketi kati yao. Msomaji atazame: aliyeuguza ndiye aliyetukanwa. Hivyo hutokea Kikula pia. Mgonjwa mwenye maumivu humkaripia yule aliye karibu, kwa sababu ndiye wa pekee asiyemwogopa. Na mwuguzaji naye ni mwili. Hulala vibaya, hukosa ujira wa siku, husikia deni likipiga hodi. Basi asikae peke yake katika zamu. Mume huyu alikubali dada ya mkewe ashike siku mbili kwa juma, naye siku hizo alichomelea vyuma. Wengine walisema amemkimbia mgonjwa. Sivyo, alikuwa akiitafuta nauli.

Jamaa nyingi huogopa kumwita Padri, kwa kuwa wazee walizoea kuona mpako ukitolewa mtu anapokata roho. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema mwaka 1963 kwamba yafaa zaidi sakramenti hiyo iitwe Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mkristu anayeanza matibabu mazito aweza kuipokea akiwa ameketi kitini, watoto wake wakimzunguka. Mama huyu aliipokea Jumapili jioni, kisha akaenda jikoni kuonyesha binti yake mkubwa kipimo cha unga wa wateja.

Juu ya binti huyo walibishana usiku kucha. Jamaa walitaka aache shule ili awapikie wadogo zake. Mke akakataa, mume akasitasita, maana hakuona njia nyingine. Mwishowe shangazi wa Panda akakubali kuwachukua wawili wadogo, na jirani, yuleyule wa mizizi, akaahidi kuwatazama watatu waliobaki. Binti akabaki shuleni.

Jumanne saa kumi na moja alfajiri walisimama mahali pa mabasi. Mke alitaka kujua nani ana deni la unga, na kiasi gani. Mume akafungua daftari, akamsomea majina kwa nuru ya simu, mmoja mmoja. Mawili alikuwa amekosea, mke akayasahihisha. Kisha akampandisha, akamweka karibu na dirisha, kwa kuwa harufu ya mafuta ya gari ilikuwa imeanza kumchafua moyo.